Namna ya Kupiga Besi Peke Yako Tunduma, na Bado Ukala

Wapiga besi wengi wa bendi zetu hawakuichagua besi. Walichelewa mazoezini wakakuta gitaa la solo lina mwenyewe, rithimu lina mwenyewe, maikrofoni imeshikwa na shemeji wa mwenye vyombo, na pale konani limebaki gitaa moja refu, zito, lenye nyuzi nne. Wakaambiwa, "Wewe shika hilo." Miaka thelathini baadaye wako palepale, nyuma, karibu na dramu, gizani, wakipiga noti ambazo hakuna anayezisikia mpaka siku zikikosekana.

Wewe si hao. Wewe unataka kuishika besi kwa hiari yako, uwafukuze wenzako wote, usimame jukwaani peke yako na upige rumba, kalindula, taarabu, jazi na pambio kwa nyuzi hizohizo nne. Wazazi wako wamekwisha kulia, kwa hiyo tuendelee na mengine.

Anzia Tunduma. Achana na wanaokimbilia Dar es Salaam, maana msikilizaji wa Dar akichoka ana pengine pa kwenda. Wa Tunduma hana. Malori yanayosubiri kuvuka kuelekea Zambia na Kongo hupanga foleni ambayo siku mbaya hurudi nyuma hadi Mpemba, na ndani ya kila lori mna dereva na tandiboi wake ambao hawawezi kuondoka hata ukiwapigia ile tungo yako ya dakika ishirini isiyo na maneno. Hakuna msanii aliyepata kupewa ukumbi wa namna hiyo bure. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa mwaka 2019 na Rais Magufuli na mwenzake wa Zambia, Edgar Lungu, kilikusudiwa kupunguza foleni hiyo. Kama mwananchi nakiunga mkono. Kama meneja wako, kinanitia wasiwasi.

Sasa gitaa lenyewe. Leo Fender wa California alipoingiza sokoni besi yake ya umeme mwaka 1951, moja ya shida alizotaka kuwaondolea wanamuziki ni kubeba lile fidla kubwa la kusimama, linalomzidi mpigaji kwa kimo. Ni wazi bodaboda hakuifikiria. Uzi peke yake, kutoka daraja hadi kichwani, una sentimita 86 hivi. Ongeza kichwa na kiwiliwili, weka mgongoni, panda pikipiki, kisha pita katikati ya malori mawili. Utatozwa nauli ya abiria wawili. Lipa bila ubishi, kwa sababu vioo vya malori utakavyogonga njiani ni vya watu wazima wenye hasira.

Ukifika nyumbani utataka kurekodi video. Subiri kwanza. Uzi mnene wa besi hutikisika mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu haina kifua cha kutoa sauti nzito kiasi hicho. Shangazi yako wa Vwawa ataona tu mpwa wake amekunja uso, anachezesha vidole, na panasikika mikwaruzo. Atapiga simu kuuliza kama umekula. Mkombozi wako ni sabufa, ile iliyo sebuleni kwa kila mtu, yenye taa za rangi na rimoti iliyopotea. Sabufa iliundwa kwa ajili yako, japo wenyewe wanaitumia kwa amapiano.

Na hapo ndipo unapokutana na mshindani. Katika amapiano kazi ya besi inafanywa na mdundo mzito wa kompyuta, usiodai nauli wala chakula cha mchana. Singeli nayo inakimbia kiasi kwamba hujamaliza kukaza uzi, wimbo umekwisha na watu wanadai mwingine. Kimbilia kanisani. Mbozi na Ileje zimejaa kwaya, za Moravian, za Kilutheri na za makanisa yaliyofunguliwa juzi, na huko utapata shule isiyo na ada: utajifunza kupiga kwa kila ufunguo, kwa sababu mwalimu wa kwaya huanzisha wimbo popote sauti yake ilipoamkia asubuhi hiyo. Jihadhari tu na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Mkono huo ndio uliokuwa unapiga besi kabla hujaja, na haujafurahi kukuona.

Baada ya hapo utaanza kuwataja wakubwa, maana mpiga besi asiyetaja wakubwa hudhaniwa ni fundi wa spika. Mtaje Jaco Pastorius wa Marekani, ambaye inasemekana aling'oa vyuma vya shingoni mwa besi yake, na mwaka 1976 akatoa albamu iliyowafanya wenzake wengi wafikirie kurudi shamba. Mtaje Richard Bona wa Kamerun, aliyeshika besi kwa kumsikia huyo Jaco. Mtaje Bakithi Kumalo wa Soweto, ambaye mcharazo wake mfupi kwenye albamu ya Paul Simon ya mwaka 1986, Graceland, umewatesa vijana wa vyuo vya muziki kwa miaka: nusu ya pili ni nusu ya kwanza iliyogeuzwa studio ikapigwa kinyumenyume. Wa nyumbani ni marehemu Suleiman Mwanyiro wa bendi ya Msondo, waliyempa jina la Computer enzi ambazo kompyuta yenyewe wengi wetu hatujaiona. Huyo mtaje mwisho, kwa sauti ya chini, ili waulize.

Kisha utaambiwa huwezi kupiga peke yako bila pedali ya kurudia sauti. Unapiga mstari mmoja, unakanyaga, pedali inaurudia. Unapiga wa pili juu yake, unakanyaga. Baada ya dakika tano wewe ni bendi nzima na hujui pa kutokea. Pedali hiyo inaagizwa ng'ambo, inalipiwa ushuru, na inataka umeme. Umeme ukikatika katikati ya onyesho, bendi yako yote inafariki kwa pamoja na unabaki na nyuzi nne zinazosikika mpaka kwenye kiti cha mbele tu. Mwaka 2024, ukame ulipolishusha maji Ziwa Kariba, Wazambia walikaa gizani saa nyingi kwa siku. Hebu fikiria ziara yako ya Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, mwaka ule.

Hapa naomba niache mzaha kidogo, maana kuna mtu amekwisha kuifanya kazi hii yote bila pedali. Anaitwa Gasper Nali, wa Nkhata Bay nchini Malawi, pwani ya ziwa ambalo jina lake linategemea umesimama upande gani. Chombo chake ni babatoni: ngoma chini, mti mrefu wa mita tatu hivi, na uzi mmoja. Uzi huo anauchapa kwa kijiti mkono mmoja, mkono mwingine unateleza na chupa tupu kutafuta noti, mguu unapiga dramu aliyoiunda mwenyewe kwa ngozi ya ng'ombe, na mdomo unaimba. Wimbo wake Abale Ndikuwuzeni ulitazamwa na mamilioni ya watu, naye akaenda kupiga Ulaya. Uzi mmoja! Wewe una nne, na bado unalalamika kwamba hazitoshi.

Si yeye tu. Ng'ambo ya Tunduma, Wazambia walichukua chombo cha besi cha kijijini kiitwacho kalindula, wakakipa muziki mzima jina lake, na Rais Kaunda alipotaka redio ya taifa ipige nyimbo za nyumbani, muziki huo ukashika nchi. Huko Katanga, Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliimba kwa Kiswahili huku dole gumba la mkono wa kulia likipiga besi na kidole cha shahada kikipiga wimbo, gitaa moja, mtu mmoja. Malori yanayokuja Tunduma na shaba yanatokea kwao. Kwa hiyo ule utamaduni unaotaka kuuagiza kwa posta umekuzunguka pande tatu, na mzigo wake hauna ushuru.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi kama zilivyo zenyewe. Jisajili BASATA, andikisha tungo zako COSOTA, halafu tafuta harusi. Kwenye harusi mtu hutuza anayemwona: mwimbaji hubandikwa noti kwenye paji la uso, mpiga solo huwekewa moja mfukoni, mpiga besi huombwa asogee picha ipigwe. Ukiwa peke yako hakuna wa kukuziba. Hata hivyo itakubidi uimbe, na hili ndilo walimu wa besi hawalisemi. Upande wa Nakonde tuzo zitakuja kwa kwacha. Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye fedha yake mwaka 2013, kwa hiyo usiitazame noti kwa dharau kabla hujaibadilisha. Mpiga besi wa Dar angekwisha kuirudisha kwa hasira.

Picha ya albamu itapigwa kwenye Kimondo cha Mbozi, pale Ndolezi. Ni kizito, kiko kimya, kimekaa mahali pamoja muda mrefu na watu hulipa kiingilio kukiona. Sijapata kuona picha inayomfaa zaidi mpiga besi.

Kama baada ya yote haya bado unataka pedali, agiza. Ila kwanza linganisha bei yake na nauli. Lami inaanzia Mpemba hadi Isongole, unavuka Chitipa, unapita Karonga na Mzuzu, unashuka Nkhata Bay. Beba kijiti. Chupa utazikuta huko.