Maandalizi

Bosi analipenda neno "maandalizi" kuliko anavyoipenda siku ya mshahara wetu. Jumatatu alinikuta na kikombe cha chai, akaniambia: "Kaka, ule mtiririko wa kuunda programu, hebu weka hatua ya maandalizi pale mwanzoni. Kazi ya nusu saa tu." Ukisikia "nusu saa tu" kwa mtu ambaye hataifanya yeye, piga simu nyumbani uwaambie wale, wasikusubiri.

Hoja yake ilikuwa na mashiko, sikatai. Kila tukisukuma kodi (siyo ya nyumba, ile ndiyo inayonisukuma mimi), mashine inaanzisha kazi tatu: kuunda, kupima, kupeleka kwenye seva. Na kila moja ilikuwa inapakua maktaba zilezile upya, kama majirani watatu waliokodi bajaji tatu kwenda sokoni kununua nyanya za sufuria moja. Basi atumwe mmoja.

Maelekezo yote yanaandikwa kwenye faili la YAML. Humo ukoo wa mstari unajulikana kwa nafasi zilizo mbele yake: ukizidisha moja, kazi imehama baba. Na ole wako usogeze mstari kwa kitufe cha Tab, haitaki hata kukiona. Asubuhi nzima nimeukodolea macho mstari wa 14. Mimi naona weupe, mashine inaona Tab. Waliokipa jina hilo walisahau tu kumalizia u.

Mchana ikakubali. Maandalizi: tiki ya kijani. Nikaenda kujiongezea chai kwa mwendo wa bwana harusi. Kurudi, hatua ya kuunda iko nyekundu: maktaba hazipo. Hazipo vipi, na nimeziona zikishuka moja moja?

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba kila kazi hupewa kontena lake jipya, na ikiisha, kontena linatupwa na vyote vilivyomo. Yaani nimekata vitunguu, nimekuna nazi, nimetoka mara moja kuomba kiberiti kwa jirani. Narudi, jiko lote limebebwa, nimewekewa jingine tupu linalong'aa. Usafi wa namna hiyo angeufurahia mama mkwe wangu peke yake.

Nikajaribu akiba, yaani maktaba zitunzwe kati ya kazi moja na nyingine. Akiba ya mitambo hii ni ahadi ya fundi cherehani wiki ya Idi: huenda ukaikuta, huenda usiikute, na yeye hana kesi. Mara mbili ikawepo, ya tatu haikuwepo. Nikaamua kuagiza rasmi kwamba folda la maktaba hizo, node_modules, lifungwe, lihifadhiwe, kazi zinazofuata zikabidhiwe. Sasa, anayelijua folda hilo anajua: vifaili vidogo vidogo maelfu kwa maelfu, kama dagaa. Kuwafunga dagaa hao, kuwapakia, kisha kila kazi kuwashusha na kuwafungua upya, kunachukua muda mrefu kuliko kwenda kuwavua wengine.

Alhamisi nikapiga hesabu. Zamani: dakika 9. Sasa, pamoja na maandalizi: dakika 13. Nikapanga maneno ya kujitetea, nikamfungulia bosi skrini. Akainama, akahesabu tiki za kijani kwa kidole. Nne, zamani zilikuwa tatu.

"Sasa hii," akasema, "inapendeza."

Dakika hakuziuliza, nami sikuzitaja.