Kosa Langu Ni Kujua Kiswahili

Nimepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, siku saba, na miguu yangu haina malalamiko makubwa. Kilichoumia ni masikio.

Chanzo ni binti yangu mdogo, aliyesema mbele ya wakwe kwamba ni aibu Mtanzania kufikisha miaka 52 akiujua mlima huo kwa kalenda ya ukutani tu. Wakwe wakacheka, mimi nikalipa. Sisi wenyeji kiingilio cha hifadhi ni nafuu kuliko cha wageni. Nafuu yenyewe nimekuja kuilipa usiku, kwa awamu.

Niliunganishwa na Wajerumani wawili, mtu na mkewe. Pale getini Machame vijana wamepanga foleni kwenye mizani, maana hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa kila mbebaji. Wenyewe hawaitwi wapagazi siku hizi, wanaitwa wagumu, na ukimwona mmoja anakupita mbio na meza kichwani hutauliza kwa nini. Basi mgumu mmoja akainua begi langu, akalirudisha chini, akamwambia mwenzake, "Huyu mzee kaja na mkewe humu ndani?"

Wajerumani wakatabasamu. Wao waliona vijana wachangamfu. Mimi nikalifungua begi mbele ya kadamnasi nikatoa mto, kandambili za akiba, na dagaa wa kukaanga aliowafunga mama watoto.

Kiongozi wa msafara kule wanamwita gaidi. (Nilipompigia mama watoto kumwambia niko msituni na magaidi wawili, alikata simu akampigia mjumbe.) Gaidi wetu kazi yake kubwa ilikuwa kutuambia "pole pole", kwa lafudhi ile ya kumfundisha mgeni. Wajerumani wanaitikia, "Pole pole!" kwa unyenyekevu, kama wako kipaimara. Mimi niliyezaliwa Temeke nafundishwa neno la mama yangu, nikiwa nahema. Halafu gaidi anageuka nyuma, lafudhi inakatika, anawaambia wenzake, "Kwa mwendo wa huyu mzee, chai tutainywa kesho."

Lakini hayo ni ya mchana, na mchana mtu unaweza kujifanya unapiga picha.

Usiku wa pili tulilala Shira, mita 3,800 na ushee. Jioni tukaletewa bisi na chai, hata nikaanza kuusamehe mlima. Hema langu lilikuwa jirani na hema la jikoni, na hema ni kitambaa, halina siri. Baridi ilinikunja ndani ya begi la kulalia kama mkate wa kumimina uliokosa hamira. Nikiwa nimekodoa macho gizani, nikasikia wananiwekea dau.

Dau lilikuwa soda na chipsi mayai, kulipana wakishafika Moshi. Wa kwanza akasema nitaishia Lava Tower, kesho yake tu, mita 4,600 hivi. Wa pili akasema Barafu, kambi ya mwisho. Mpishi akanyamaza kidogo, nikamsikia anakoroga sufuria, kisha akasema, "Mimi nampa Stella Point. Anakula yule. Mtu anayekula vile harudi mapema."

Uhuru kileleni, mita 5,895, hakuna aliyenitaja.

Nikaona niwajulishe niko macho. Nikakohoa.

"Mnasikia?" akasema yule wa Lava Tower. "Kifua kimeshaanza."

Asubuhi Mjerumani ananiambia amelala vizuri mno, na kwamba sauti za vijana usiku ni tamu, zinambembeleza kama watu wanaosali. Nikamwambia ndiyo, walikuwa wananiombea.

Lava Tower nilipita. Nilitapika, lakini nilipita, na nilihakikisha yule kijana ananiona. Barafu nikafika, nikala supu bakuli mbili nikimtazama mpishi usoni. Saa sita usiku tukaanza kupanda, taa kichwani, maji yameganda kwenye chupa, gaidi anasema "pole pole" na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikaona neno hilo lina haraka kupita kiasi.

Jua lilichomoza tukiwa Stella Point, mita 5,756. Kutoka hapo hadi Uhuru kimo kilichobaki ni mita 139, kwa mwendo kama saa moja hivi. Ukisikia mita 139 ukiwa nyumbani unaona ni kwa Mangi kununua vocha. Wajerumani wakaendelea na gaidi mkuu. Mimi nikakaa juu ya jiwe na yule msaidizi wake. Wenye fitina watasema nilichoka. Nilichoka. Lakini pia mlima mzima ule ulikuwa na mtu mmoja tu aliyeniamini mpaka pale, na sikuona sababu ya kumharibia.

Geti la Mweka nikapewa cheti cha Stella. Ukafika wakati wa bakshishi, nikamwongezea mpishi. Akaipokea kwa mikono miwili, akanishukuru kwa Kiingereza.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayejua Kiswahili na una safari hiyo: pale Moshi wanakodisha kila kitu, koti, viatu, fimbo, glavu, hata soksi nene. Pamba za masikio sikuziona. Hizo njoo nazo kutoka nyumbani.