Mazingaombwe ya Barafu

Karata zina adabu. Ukiziweka mfukoni zinakaa, ukizificha kiganjani hazitoi jasho. Barafu haijui hayo. Sisi tunaofanya mazingaombwe kwenye harusi na sikukuu za watoto hapa Dar es Salaam tunajua kwamba ukificha kipande ndani ya mkono wa kanzu, maji yanachuruzika hadi kiwikoni kabla hujamaliza kusalimia, na watoto wa mstari wa mbele wanaanza kunong'onezana kwamba mjomba amejikojolea.

Hata hivyo wateja hawasikii. Wanataka pete ya bwana harusi ipotee ndani ya leso, kisha ionekane katikati ya bonge la barafu. Siri ya pete sitoi, ndiyo ugali wangu. Ya barafu nitasema. Dhahabu ni nzito, huzama, kwa hiyo bonge la namna hiyo hugandishwa kwa awamu: maji nusu chombo, kitu juu yake, kisha maji tena. Usijaze hadi ukingoni, maana maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na chombo hupasuka. Tena uwe na jirani mwema, kwa sababu umeme ukikatika kwako utaomba hifadhi kwenye friza yake. Jirani yangu anauza samaki. Bibi harusi mmoja alivishwa pete, akainusa, akaniuliza kwa upole kwa nini inanuka kibua.

Vigelegele vikiisha huja kimya kirefu, maana pete bado iko ndani na mwenyewe anaitaka. Kungoja iyeyuke ni kazi. Kwenye harusi moja ya Februari, umeme umekatika tangu asubuhi na jenereta la ukumbini likitosha muziki tu, baba mdogo wa bwana harusi aliishiwa subira. Akaingia jikoni, akatoka na mchi wa kinu, akalitwanga bonge palepale juu ya sinia. Vipande vikaruka hadi meza za nyuma. Wageni waliokuwa wakinywa juisi ya ukwaju yenye uvuguvugu waliviokota, wakavipuliza, wakavitumbukiza kwenye glasi. Pete ilipatikana baadaye ndani ya jagi, meza ya wakwe. MC akatangaza kwamba hiyo ilikuwa sehemu ya pili ya onyesho. Mungu ambariki.

Kwa watoto nina kiinimacho chepesi zaidi. Namimina maji kwenye kikombe kisichoonyesha ndani, napuliza, nakipindua, vinadondoka vipande vya barafu bila tone la maji. Kazi yote inafanywa na ule unga wa ndani ya pampasi, ambao hunyonya maji na kuwa ujiuji unaong'ang'ania chini ya kikombe. Tatizo ni dukani. Muuza duka wetu anajua wanangu wote wako sekondari. Aliponiona nanunua pampasi alinipa hongera kimyakimya, kisha akamuuliza mke wangu kama amesikia habari njema. Kiinimacho hicho nilikionyesha tena usiku uleule, sebuleni, mbele ya mtazamaji mmoja aliyefunga mikono kifuani na hakupiga makofi.

Wenzetu wana bahati. Novemba 2000 Mmarekani David Blaine alijifungia ndani ya barafu pale Times Square, New York, akakaa humo zaidi ya saa 60. Namvulia kofia. Lakini Novemba ya New York ina baridi. Angejaribu Mnazi Mmoja mwezi wa pili, angetoka amelowa chapachapa kabla MC hajamaliza kutambulisha ndugu wa upande wa mama.

Kiinimacho kinataka kifaa ambacho mtazamaji hana haja nacho. Nikionyesha karata, watu hunifuata baadaye kuniuliza nimefanyaje. Nikionyesha barafu, hakuna anayejali pete ilifikaje mle ndani. Juzi, kwenye ukumbi wenye joto la kuchemsha chai, mama mmoja alinivuta pembeni. Akatazama kushoto, akatazama kulia, nikajua huyu ameona kila kitu. Akasogea sikioni.

"Samahani kaka," akanong'ona, "huko kwenu mko laini ya hospitali?"