Shangazi na Mizani ya Ndege

Mwenye baiskeli Kisangani hana baiskeli. Ana toleka, teksi ya baiskeli, ya ukoo mzima. Kanuni hiyo niliisahau siku niliyonunua Cessna 172 kuukuu ya viti vinne, nikadhani kwa kuwa inaruka basi itakuwa yangu peke yangu. Kabla sijaiosha vumbi, mtaa wetu mzima wa Mangobo ulishajua kwamba kiti kimoja ni cha Komanda, yaani mimi rubani, na vitatu ni vya watu.

Urubani niliusomea Nairobi, kwenye uwanja wa Wilson. Walinifundisha upepo, mawingu, redio, hata injini kuzima angani. Hawakunifundisha namna ya kumwuliza shangazi uzito wake.

Na uzito ndio mambo yote. Ndege kama yangu haitakiwi kuzidi kilo 1,043 inapoondoka ardhini. Ikiwa tupu ina kilo 650. Nitie mimi, kilo 78, na lita 100 za petroli ya ndege, ile ya rangi ya bluu inayokuja kwa mapipa, si ya kadhafi, mchuuzi wa mafuta wa kando ya barabara. Hizo ni kilo 72 nyingine. Zinabaki 243 za abiria, kwanga (mikate ya muhogo), makayabu (samaki wa chumvi) na heshima.

Tulikuwa tunakwenda matanga Ubundu. Kwa reli ni kilomita 125 kutoka ng'ambo ya mto Kongo, kwa sababu maporomoko ya Boyoma hayapitishi chombo, lakini treni ina siku zake na marehemu hakungoja. Shangazi akaja na binamu zangu wawili, kila mmoja kilo 70 za kweli. Nikatoa mizani ya bafuni, nikaiweka chini kwa adabu zote.

"Shangazi, samahani, ni sheria ya ndege."

"Andika sitini."

Shangazi yangu ana kilo sitini tangu enzi za Mobutu. Nikambembeleza, akapanda mizani huku akitazama pembeni kama anayechomwa sindano. Tisini na nne.

"Mizani yako ni ya Wachina," akasema.

Wakati tunajadiliana, binamu walishaingia viti vya nyuma na kujipakilia mizigo yote nyuma yao, mahali ambapo kitabu cha ndege kinaruhusu kilo 54 tu. Nikasikia mlio wa bati. Nilipogeuka, gurudumu la mbele lilikuwa linaelea hewani na ndege imekaa kwa mkia, pua juu, kama mbwa anayeomba mfupa. Mwendesha toleka aliyewaleta akapiga makofi. Alidhani tumeanza kuruka.

Mkia ulikuwa salama. Nilichunguza kila ribiti. Binamu mmoja akashushwa kwa kura ambayo Shangazi aliisimamia na, nina hakika, kuiiba. Bado sikuelewa ni kwa nini Shangazi mwenyewe alikuwa anatembea kwa shida, mpaka alipofunga mkanda na kwanga mbili zikadondoka kutoka kwenye kitenge chake. Nikamrudisha kwenye mizani bila kwanga, bila makayabu ya kiunoni: themanini na moja. Basi nikamwomba msamaha kwa zile kumi na tatu, naye akaupokea kama mtu aliyedhulumiwa miaka mingi.

Tukaondoka. Msitu huku, msitu kule, mto katikati umetulia kama haujawahi kumzamisha mtu. Baada ya dakika ishirini injini ikaanza kupungua nguvu. Nikajua: barafu.

Hapo ndipo nilipokosea, maana nilisema kwa sauti. Shangazi, jasho likimtiririka, akanitazama. Barafu, mkoani kwetu Tshopo? Lakini ndivyo ilivyo. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta hupoza hewa vibaya sana, na hewa ya msitu wetu imelowa maji. Nje ni nyuzi 28, ndani ya koo la injini maji yanaganda. Dawa yake ni kuvuta kitufe kinacholeta hewa ya moto. Ubaya wa dawa hiyo ni kwamba kwanza injini hukohoa zaidi, kwa sababu inameza barafu iliyoyeyuka. Kwa hiyo Shangazi aliniona nikivuta kitu na papo hapo ndege ikaanza kukohoa. Rozari ikatoka. Injini iliponguruma vizuri tena, shukrani zilikwenda zote kwa Bikira Maria, na sikuona haja ya kubishana.

"Sasa tunapita ikweta," nikasema, nibadili mazungumzo. Kisangani iko nusu digrii kaskazini, Ubundu iko kusini.

Shangazi akabandika paji la uso kwenye kioo. "Mstari uko wapi?"

"Hauonekani, Shangazi. Tazama tu herufi hii kwenye GPS, N imekuwa S."

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo masista wa shule walituchapa kwa mstari usiokuwepo."

Uwanja wa Ubundu ulikuwa na mbuzi. Nikafanya kama nilivyofundishwa: nikapita chini, injini ikinguruma, ili watu wafukuze wanyama. Wafiwa wakaelewa kwamba tunawasalimu. Niliporudi, mbuzi walikuwa wamekimbia na mahali pao palijaa watoto, akina mama na wanakwaya wa matanga, wote wakipunga mikono. Nilipita mara tatu. Mara ya nne Shangazi alifungua kidirisha na kuwapigia kelele, na ingawa hakuna aliyeweza kusikia, ishara za mkono wake walizielewa.

Wakati wa kurudi nilipewa mkungu wa ndizi, kuku wawili na galoni ya mawese. Safari nzima iliteketeza lita 45. Shangazi alibaki kwa arobaini, na ameshatuma ujumbe kwamba nikimfuata nisihangaike kubeba mizani: amenunua yake.