Namna ya Kubaki Wima: Mwongozo kwa Jengo la Serikali la Mji Mkongwe

Jengo mheshimiwa, kwanza pole. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, udongo mwekundu na boriti za mikoko, ukaelekezwa uso baharini kwenye chumvi yote, katika kisiwa ambacho masika yakimaliza kukulowesha vuli huja kukagua kazi. Waliokujenga walikuwa na haraka ya kukuonyesha kwa watu waliomo melini. Wao wameshaondoka, na kazi ya kubaki wima imebaki kwako. Soma maelekezo haya taratibu, huku umeegemea jirani yako kama kawaida yenu.

La kwanza: usiwe na msimamo. Mwalimu wako katika hili ni Ngome Kongwe, pale Forodhani. Waomani waliijenga baada ya kumtimua Mreno mwishoni mwa karne ya 17, juu ya mahali palipokuwa na kanisa la Mreno huyo huyo, na kazi yake ilikuwa vita. Ngome nyingi duniani zimekufa kwa kung'ang'ania fani hiyo. Hii ya Unguja ilipoona adui haji tena, ikakubali kuwa gereza. Reli ya kwenda Bububu ilipojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, ikageuka karakana ya treni. Reli ikafa, ngome haikwenda mazikoni. Katika miaka ya 1940 ikafanywa klabu ya kina mama, na ndani ya kuta zilizofunga wahalifu watu wakacheza tenisi. Leo ina jukwaa la burudani, ina maduka ya vinyago na tingatinga, na Februari ikifika hupigwa humo ngoma za tamasha la Sauti za Busara hadi usiku wa manane. Askari, bwana jela, fundi wa treni, mwenyeji wa tenisi, meneja wa bendi: kazi zote hizo bila kuomba likizo, uhamisho wala posho ya mazingira magumu. Nionyeshe wizara yenye mtumishi wa namna hiyo.

Pili, jihadhari na jirani mwenye cheo. Upande wa baharini palikuwa na majumba matatu ya kifalme yaliyounganishwa kwa mawikio, ili wanawake wa jumba wavuke juu kwa juu bila kutazamwa na wapita njia: Beit al-Sahel, Beit al-Hukm na Beit al-Ajaib. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia jumbani kushika kiti bila kuwauliza Waingereza. Siku mbili baadaye, saa tatu ya asubuhi ikiwa imepita dakika chache, manowari zao zikafyatua mizinga. Robo tatu ya saa haikutimia, vita vikawa vimekwisha, na hadi leo vinatajwa kuwa vifupi kuliko vyote katika historia. Khalid alikimbilia kwenye ubalozi wa Ujerumani, na baadaye akavushwa hadi Dar es Salaam. Zingatia hapo, jengo mheshimiwa: sultani ana miguu. Beit al-Hukm halikuwa nayo, likaishia kifusi. Beit al-Sahel liliumizwa vibaya, ikabidi lijengwe upya. Beit al-Ajaib, lililokuwa pale pale, lilitoka na majeraha madogo, kisha likaongezewa mnara wa saa usoni, kwa kuwa mnara uliokuwa mbele yake ulikuwa umepigwa. Likawa jengo lililopokonywa majirani na kupewa saa. Fidia za serikali ndivyo zilivyo, chukua usishukuru sana.

Tatu, jina lako lishike kwa vidole viwili tu, tayari kuliachia. Beit al-Sahel lilikuwa makazi ya masultani hadi Januari 1964. Baada ya Mapinduzi likaambiwa sasa wewe ni jumba la watu, likaitika. Mwaka 1994 likaambiwa ni makumbusho ya masultani wale wale waliofukuzwa, likaitika tena, na limemtengea Bi Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, chumba chake. Kule Funguni kuna nyumba iliyojengwa wakati wa Sultani Majid ambayo ilimhifadhi Livingstone kwa muda mfupi mwaka 1866 akijiandaa kwenda bara, na jina la mgeni huyo halijabanduka ukutani hadi leo. Waliofagia nyumba hiyo miaka yote hawakuachiwa hata dirisha. Lakini hayo usiyaseme mbele ya wageni, kwani jina la Mzungu ni kinga nzuri dhidi ya tingatinga, lile la chuma, si la rangi.

Kama bado hujachagua kazi, chagua isiyokosa wateja. Hapa aliyeona mbali ni John Sinclair, Mwingereza aliyechora nusu ya fahari ya serikali mjini hapa na baadaye akawa Balozi Mkazi. Majumba ya Waarabu wa Unguja kwa nje yalikuwa makavu: kuta nyeupe, madirisha ya mistari, fahari yote ikiwekwa mlangoni. Sinclair akaona hayo hayatoshi kuwa ya Kiarabu, akayawekea makuba, matao na nakshi, na tangu hapo mgeni akitaka kupiga picha ya Uarabu wa Zanzibar hupiga kazi ya Mwingereza. Tumsamehe. Alichofanya kwa akili ni kugawa kazi: mojawapo ya majengo yake ya Vuga likawa Mahakama Kuu, na makazi ya mabalozi wa Kiingereza aliyoyachora sasa ni Ikulu. Serikali hupinduliwa; kesi za viwanja hazipinduliwi. Jengo lenye hakimu ndani halivuji muda mrefu, kwa sababu tone likianguka juu ya faili la mtu mzito, fundi hupatikana siku hiyo hiyo.

Linganisha na Beit el-Amani la Mnazi Mmoja, pia la Sinclair, lililofunguliwa mwaka 1925 kuwa makumbusho ya amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kuba zuri, bustani nzuri, jina zuri. Wenyeji wakaliita Nyumba ya Mizimu. Jengo likishaitwa hivyo, hata mlinzi hutaka kulipwa mchana tu.

Sasa tuingie katika hatari kubwa kuliko mizinga yote: sifa.

Beit al-Ajaib lilijengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na dhifa. Lilikuja na nguzo za chuma, roshani pana pande zote, na baadaye taa za umeme na lifti wakati ambapo sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikuwa ikitumia kibatari. Waongoza wageni husimulia kwamba milango yake ilipanuliwa ili sultani apite akiwa juu ya tembo. Kwa ukubwa wa ile milango sitabishana nao. Waingereza walilifanya ofisi zao, na makarani wakapanda na kushuka humo kwa miongo mingi. Baada ya Mapinduzi likawa chuo cha chama cha Afro-Shirazi. Mpaka hapo jumba lilikuwa na watu ndani, na mtu aliye ndani, hata awe mvivu vipi, ataona ufa mpya juu ya meza yake.

Kisha likatukuzwa. Likawa makumbusho, na mwaka 2000 Mji Mkongwe wote ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Picha yake ikatapakaa kwenye kanga, kalenda na vipeperushi. Jengo likifikia daraja hilo, karani hawezi tena kuziba tundu kwa ndoo ya chokaa. Linahitaji mtaalamu, mtaalamu anahitaji mfadhili, na mfadhili anahitaji ripoti ya mtaalamu mwingine. Mvua haisomi ripoti. Mwaka 2012 sehemu ya roshani iliporomoka, na baada ya hapo wageni wakawa wanalitazama kutoka nje. Oman ikajitokeza kugharamia ukarabati. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ikiwa inaendelea, ubavu wa jumba pamoja na mnara wa saa ulianguka, na watu wawili wakafa. Hilo halina kejeli. Walikwenda kazini.

Kwa hiyo, jengo langu, kuwa na umaarufu wa kadiri. Uvutie kiasi cha kutobomolewa, usivutie kiasi cha kuundiwa tume.

Kuhusu afya ya mwili sina mengi, kwa kuwa mafundi wa kale walishayasema. Kataa saruji. Atakuja kijana na mfuko wake akikuahidi ugumu wa siku mbili. Mwambie ukuta wa chokaa unataka kupumua, na saruji ikiuziba, unyevu hubaki ndani ukiozesha boriti kimya kimya. Ukiona mche wa mtini umeota kwenye paa lako, usiuonee huruma kwa kuwa ni mdogo. Kataa pia kubeba matangi ya plastiki yaliyojaa maji juu ya boriti zilizokatwa kubeba dari na watu waliokaa vizuri. Na makabati ya chuma ya mafaili yawekwe chini, hata kama mkurugenzi anapenda ghorofa yenye upepo.

Lipo jambo la mwisho, nalo limeshakaribia mlango wako. Serikali inahama. Wawakilishi wana jengo lao Chukwani, na wizara moja baada ya nyingine imefuata maegesho ya magari nje ya mji, maana gari la mheshimiwa haliingii vichochoroni. Siku karani wa mwisho akifunga droo yake, atakuja mwekezaji. Usitishike: jengo la simu za nje pale Shangani leo ni hoteli ya Serena, na nyumba iliyowahi kuwa ubalozi wa Marekani leo ni hoteli yenye bwawa la kuogelea. Mwekezaji atapima vyumba kwa futi kamba na kuguna kwamba ni vyembamba, kwa sababu hajui kwamba upana wa chumba chako uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, kama mita tatu hivi, na mkoko haukuulizwa kuhusu vitanda vya watu wawili. Usijitetee. Mwache ahesabu madirisha yanayotazama bahari, kisha muulize kwa upole nani atakuwa akisafisha mifereji ya paa, na jibu lake liandikwe kwenye mkataba.