Barua ya Wazi kwa NEMA: Ahsanteni kwa Madini

Kwa wakuu wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, Nairobi.

Kwanza, shukrani. Mwaka 2007, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilipoanza kazi ubavuni mwa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, hatukujua kumbe tunaandaliwa lishe. Moshi ulitua juu ya mabati, maji machafu yakapita vichochoroni, na udongo ukanywa madini ya risasi. Kiwanda kilifungwa 2014. Risasi haikufungwa, wala haiozi.

Wakazi wakaenda mahakamani. Julai 2020 mahakama ya mazingira ikawawajibisha, ninyi na wadaiwa wenzenu, ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe ndani ya miezi minne. Mkakata rufaa, fidia ikatenguliwa. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha ile fidia. Miezi minne ya serikali ni mirefu, wakubwa.

Mlipokuwa mkibishana, muarobaini, mti wetu wa dawa, uliendelea kuota humo humo. Mti hausomi hukumu. Risasi hukaa zaidi mizizini kuliko kupanda majanini, na mizizi ndiyo anayoichimba bibi kwa ajili ya tumbo la mjukuu. Majani nayo hubeba vumbi. Bibi ataosha, atainjika sufuria, atachemsha mpaka maji yawe meusi. Maji yatapungua, risasi itabaki. Kisha kikombe, mtoto akunje uso, na bibi: "Meza, baba, dawa ni chungu." Mwili wa mtoto huidhania risasi kuwa kalsiamu, ukaiweka akiba mifupani. Ubongo ndio unaolipa.

Najua mtakachosema: miti shamba ni kazi ya watu wa afya. Watu wa afya nao watasema udongo si wao. Kwa bahati mbaya mzizi hauna habari ya mipaka ya wizara.

Kwa hiyo sisi tunaomba kidogo tu, wala hakuhitajiki semina hotelini. Mleteni mtu mmoja mwenye jembe na mifuko. Achimbe udongo, mizizi na majani mtaani humo, apeleke maabara, na matokeo yabandikwe ukutani kwa Kiswahili, bibi ayasome kabla hajawasha moto. Kisha leteni malori, mzoe udongo mlioamriwa kuusafisha tangu 2020.

Wenu mwenye subira,
Mkazi wa Mombasa