Namna ya Kuisoma Biblia Kirolirwe Bila Kumuudhi Mtu

Umeokoka, umezamishwa kwenye maji mengi, na "Bwana asifiwe" umeisema mpaka jirani ameacha kukuuliza habari za asubuhi. Imebaki Biblia yenyewe. Sisi watu wa injili, uwe wa CBCA, wa CEPAC au wa kile chumba cha mbao kilichofunguliwa juzi kando ya barabara, tunajivunia kwamba hatungoji padri atufasirie. Lililoandikwa ndilo hilohilo. Ila barabara ya kutoka Sake kwenda Kitchanga haijawahi kukosa bariera, na Kirolirwe iko katikati yake. Neno nalo lazima lijue kupita.

Anza na Warumi 13, pale mwanzoni panapoeleza mamlaka zinatoka wapi. Ikariri kwa moyo, lakini jina la mamlaka liandike kwa penseli. Enzi za Mobutu mstari ule ulikuwa wa chama chake, MPR. Kuanzia 1998 ukawa wa waasi wa RCD. CNDP ilipozaliwa mwaka 2006 ukahamia huko, na baada ya mapatano ya Machi 23, 2009, wapiganaji walewale wakavaa sare za serikali: mstari haukuhitaji hata kufutwa. Januari 2023 M23 wakaiteka Kitchanga. Miezi miwili baadaye wakaja Warundi wa kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kabla mwaka haujaisha wakafunga virago. Pasta mwenye busara humtuma kijana alfajiri ya Jumapili akatazame sare iliyosimama barierani, ndipo kengele ipigwe.

Somo linalofuata ni Agano la Kale, nalo lina kanuni moja: wewe ni Gideoni daima. Umidiani ni wa wengine. Hapa kwetu tulikuwa na mwalimu hodari, Laurent Nkunda, kiongozi wa CNDP, aliyekuwa na ngome maeneo haya ya Kirolirwe na Kitchanga. Alijitambulisha kuwa Mpentekoste, akasema wengi wa askari wake wameokoka, na mbele ya kamera akaonyesha kwa fahari beji iliyotangaza kwamba wao ni waasi kwa ajili ya Kristo. Novemba 2008, Kiwanja, upande wa Rutshuru, watu wasiopungua 150 waliuawa kwa muda wa siku mbili, kwa hesabu ya Human Rights Watch, na wengi wao shirika hilo lilisema waliuawa na wapiganaji wake. Msomaji aliyeiva haulizi Wamidiani waliacha yatima wangapi. Januari iliyofuata jenerali alikamatwa Rwanda, na kanuni ya Gideoni ikabaki ikitafuta mwenyewe. Haikukaa bila kazi hata msimu mmoja.

Ukifika 1 Wafalme 21, habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu, ruka. Usipitishe macho hata kwa bahati mbaya. Masisi yetu hii ni vilima vya majani, ng'ombe na jibini, na ukimuuliza mzee yeyote atakuonyesha kwa kidole kilima alicholima baba yake kabla hakijawa cha mtu mwenye hati. Sheria ya mwaka 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali. Mwenye kujua njia ya ofisini akatoka na karatasi, na mwenye kujua jembe tu akatoka shambani. Vita vikaja vikazigawa ranchi upya, mara kadhaa. Sasa mwenye ng'ombe ameketi mbele, kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, na mabati ya paa hili ni yeye aliyeyatoa. Mhubirie Zaburi 23. Inasifu malisho mabichi bila kuuliza zamani yalikuwa shamba la nani.

Fungu la kumi halihitaji mwongozo. Malaki utamsikia, taka usitake.

Mathayo 5:41 ni ngumu zaidi, ile ya kulazimishwa maili moja ukaenda mbili. Wahubiri wa miji mikubwa huhangaika kuitafutia mfano. Wewe umeepushwa na taabu hiyo. Askari wa Roma aliyekuwa akimkamata mpita njia ambebee mzigo bado yuko kazini. Amebadilisha silaha tu. Atakukuta unatoka sokoni, atakutwika gunia la maharagi, kamba ivutwe kwenye paji la uso, na safari itaanza kupanda. Kumbuka kwamba aya hii humhusu anayebebeshwa peke yake. Anayebebesha hajawahi kuhubiriwa. Maili ya pili nayo usiitangaze. Wataona una nguvu, wakuonyeshe ya tatu.

Vilevile ipo kodi ambayo vijana wenye silaha wameipa jina zuri, lala salama. Unalipa, unapewa jeto ya kuthibitisha malipo, na usiku ukigongewa mlango unaionyesha. Zaburi 4:8 inaahidi usingizi wa namna hiyo bure kabisa, kwa hiyo tafadhali usiisome kwa sauti siku ya makusanyo.

Manabii wa mkesha waheshimu, ila siku ukishika zamu ya kusoma, kaa mbali na Mika 3:5. Mika ameandika pale kuhusu manabii wanaotangaza amani kwa anayewalisha na vita kwa asiyewatia kitu kinywani, na jinsi alivyoandika, mtu anaweza kudhani alipanda pikipiki kutoka Sake.

Tahadhari moja. Kanisani kuna watu wasioufuata mwongozo huu, hasa kina mama. Milio ya risasi ikianza milimani, watu wanashuka na magodoro kichwani, benchi za kanisa zinasukumwa ukutani, na ibada ya Jumapili mnaifanya mmesimama. Wao wameing'ang'ania Yakobo 2, mstari wa 15 na 16, ile ya ndugu asiye na nguo wala chakula, wanaichukua kama ilivyo, bila Gideoni wala penseli. Hakuna anayewapa mikrofoni. Mmoja anakoroga sufuria ya sombe, mwingine anahesabu watoto, na ukiwasogelea kuuliza hawa waliokuja ni kabila gani, wanakuuliza kama umekuja na chumvi.